Kiti cha Kavata

"Kavata ni nani?"

"Nshakwambia."

"Niambie tena. Niangalie machoni uniambie."

"Kavata ni amplifaya."

"Amplifaya ina tiketi ya ndege?"

"Ndiyo."

"Kiti cha dirishani?"

"Ndicho kilichobaki, Nelly!"

"Mimi umenitupa nyuma karibu na choo, mwenzangu Kavata amekaa dirishani anaangalia mawingu, na wewe uko ubavuni mwake! Kiponda, unanionaje?"

Uwanja mzima wa ndege wa Malindi ulikuwa umetugeukia. Mtaliano mmoja mzee aliyekuwa akila ndizi aliacha kutafuna, ndizi ikabaki shavuni.

Kijana wa kaunta, kibandiko chake kimeandikwa Gerishom, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani jamani. Mimi sitaki kuingilia. Lakini huyu abiria Kavata mwenyewe yuko wapi? Muda unakwenda."

Nikalipiga sanduku langu kofi.

"Huyu hapa."

Gerishom akachungulia juu ya kaunta. Akaliona sanduku la mbao, kimo cha mbuzi aliyelala, kilo ishirini na mbili, ubavuni limeandikwa kwa rangi nyekundu: KAVATA.

"Huyu?"

"Huyo."

Nelly akashika kiuno. "Umeona? Hata hasemi 'hii'. Anasema 'huyo'."

Wewe ambaye wiki jana gazeti lako lilifungiwa samaki, ukakosa mwanzo wa kisa hiki, nisikuache nyuma. Mzee Ngumbao, babake Nelly, mtu wa Dabaso anayekaa Nairobi, alinipa mtihani mmoja tu. Hope, dadake Nelly, anaolewa huko Nairobi Jumamosi saa kumi jioni. Nipige muziki wa harusi hiyo, kwa chombo changu mwenyewe, si cha kuazima. Nikiweza, niruhusiwe kuleta kadzama, ile pombe ya mnazi ya kuposea. Nikishindwa, nimsahau Nelly kama nilivyosahau hesabu za darasa la saba.

Alhamisi nikaipakia amplifaya kwenye basi la Nairobi. Kumbe lilikuwa basi la Lamu. Nikalifukuza kwa pikipiki mpaka Witu, nikarudi nayo mgongoni kama mtoto mgonjwa.

Sasa ni Jumamosi yenyewe, saa nne asubuhi. Kilichobaki ni ndege ya saa tano na nusu.

Na kwenye shimo la mizigo haiendi. Hii ni amplifaya ya zamani, ndani ina balbu sita za kioo, nyembamba kama ganda la yai. Ukiitupa mara moja tu, umezika. Ndiyo nikaikatia kiti.

"Hapa pameandikwa abiria ni mwanamke," Gerishom akasema, jicho kwenye kompyuta.

"Fomu ilinipa njia mbili tu, mume au mke. Chombo chenye sauti kama ile hakiwezi kuwa mume."

"Na hii namba ya kitambulisho?"

"Nilijaribu kuacha wazi, simu ikagoma. Nikaandika namba iliyonijia mkononi."

"Na namba ya simu?"

"Vilevile."

Gerishom akanitazama kwa muda. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea mizani, mizani ikasoma kilo arobaini.

"Bwana Kiponda, nimefanya kazi hii miaka sita. Nimeona mtu akitaka kupanda na kamba mzima kwenye ndoo ya maji. Lakini mashine yenye kitambulisho, leo ndiyo mara ya kwanza."

Akaenda kwa mkubwa wake. Nelly akanisogelea, sauti chini.

"Kwa nini Kavata? Majina yote ya dunia."

"Jina tu. Nilikuta limeandikwa."

Hebu nitue hapa nitubu kidogo.

Sisi watu wa mitambo ya muziki huku Kilifi hatuachi chombo bila jina. Kuna Simba wa Tezo. Kuna Mama Kelele. Kuna Zima Taa. Chombo kisicho na jina hakialikwi hata matangani, watu wataogopa kitakufa katikati ya usiku bila mtu wa kukililia. Kwa hiyo jina ni lazima, hapo sikudanganya.

Lakini sikulikuta. Nililipaka mwenyewe, kwa brashi ya kupakia rangi kucha za wanawake.

Kavata ni mtu. Aliimba hotelini Kikambala, mimi nikimshikia nyaya, miaka miwili. Alikuwa na sauti ya kufanya wageni wasahau chakula. Jioni moja nilimwambia natoka kidogo kununua fyuzi.

Sikurudi. Na amplifaya niliondoka nayo.

Msinitukane, nimetubu.

Gerishom akarudi mbio. "Mkubwa anasema chombo cha muziki kukatiwa kiti ni kawaida. Kosa ni jina. Nyinyi nendeni mkakaguliwe, mimi nabadilisha kwenye kompyuta. Lakini watu wa usalama wakiikataa, mimi simo."

Nikambusu mkono. Akaupangusa kwenye suruali.

Pale kwenye mashine ya kukagulia mizigo alikuwako dada mmoja mwenye hijabu ya kazi na uso wa mwalimu wa nidhamu. Sumeiya, kibandiko kilisema.

"Ni nini hii?"

"Amplifaya, dada."

"Yote hii?"

"Yote."

"Umeing'oa msikiti gani?"

Nikaibandika kwenye mkanda. Mkanda ukaguna, ukaivuta, ikafika mdomoni mwa mashine, ikakwama. Imezidi mlango kwa vidole viwili tu. Nikaisukuma. Ikakwama zaidi. Nyuma yetu foleni ikaanza kunung'unika, Mtaliano wa ndizi akiwa mbele.

"Itoe miguu," Sumeiya akasema.

"Sawa. Nipe bisibisi yangu."

"Ipi?"

"Ile uliyoitoa kwenye begi langu sasa hivi."

"Bisibisi hairuhusiwi kupita hapa."

"Sasa nitaifungua na meno?"

"Wewe ndiye fundi."

Tukatazamana. Nelly akaguna, "Mulungu wangu."

"Dada Sumeiya," nikasema, "sheria inasema abiria asishike bisibisi?"

"Ndiyo."

"Wewe ni abiria?"

Akafikiri. Akaikunja mikono ya sweta. Basi ikawa hivyo: afisa wa usalama amepiga magoti, bisibisi mkononi, na mimi nimesimama juu yake mikono nyuma kama mkaguzi wa barabara.

"Kushoto, dada. Kushoto kwako. Usiilazimishe, hiyo skrubu ina hasira."

"Nyamaza. Babangu alikuwa fundi wa mashua, mimi skrubu nazijua."

Miguu minne ikatoka. Akatoa na mfuniko, maana mkono ukishanogewa hauachi. Ndani akakuta mende mmoja marehemu, kifuu cha nazi kinachoshikilia mashine ya umeme isitetemeke, na chanuo la rangi ya waridi.

"Kifuu nimekielewa," Sumeiya akasema. "Chanuo?"

"La kutenganisha nyaya. Kila jino na waya wake."

Nelly akainama akalitazama lile chanuo. Halafu akanitazama mimi, na kichwa changu nilichonyoa kipara tangu mwaka juzi.



"Vipimo vinasema ni salama," Sumeiya akasema baada ya kuipitisha na kuipangusa kwa kile kitambaa chao cha kupimia. "Lakini chombo chenye umeme lazima kiwake. Kiwashe nione."

Nikatoa waya wa umeme. Nao una hadithi yake: kichwa chake kina pini tatu za duara nilizozichonga mwenyewe kwa misumari ya shaba, kwa sababu tundu la amplifaya hii halifanani na tundu lolote. Kenya nzima waya wake ni huo mmoja. Nikauchomeka ukutani. Taa nyekundu ikawaka, kimya.

"Imekufa," Sumeiya akasema.

"Haijafa. Inataka adabu."

Nikaizabua makofi mawili ubavuni kushoto. Ikakohoa. Nikaunganisha simu yangu, nikabonyeza, ikalia kwenye kile kispika kidogo cha kujaribia kilichomo tumboni.

Mwanzele, ngoma ya kwetu!

Wamama wa Dabaso niliowarekodi mwenyewe, kayamba zikivuma kama mvua juu ya makuti. Sauti ikajaa ukumbi, ikatoka dirishani, ikarudi na wafagiaji wawili.

Sumeiya aligeuza uso ukutani. Lakini mabega hayajui cheo. Mabega yake yakaanza. Mtaliano akatupa ganda la ndizi, akainua mikono, akaingia katikati kama aliyealikwa. Mzee mmoja mwenye kanzu akapiga kofi moja, akajizuia, akapiga la pili.

Na Nelly akacheka. Alishindwa. Aliuma mdomo, akashindwa, akacheka, akatingisha mabega mara tatu, ile ya Dabaso kabisa, shingo imekaa juu kama twiga. Ndugu zangu, kwa yale mabega matatu ningeibeba amplifaya kichwani kwa miguu mpaka Voi.

Simu ikalia humohumo kwenye muziki. Mzee Ngumbao. Nikaipokea nikiwa napiga kelele.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba. Hiyo ndiyo sauti yenyewe?"

"Ndiyo baba!"

"Mamangu alikuwa akicheza hiyo," akasema, sauti imelainika. Halafu ikakaza tena. "Saa kumi, Kiponda. Si ahadi, si salamu. Nataka kuisikia hapa."

"Itasikika, baba!"

"Zima!" Sumeiya akanong'ona. "Zima, nitafukuzwa kazi! Imepita. Wewe umepita, yeye amepita, nendeni!"

Akafunga skrubu mwenyewe, moja baada ya moja. Nikauchomoa waya, nikajivisha shingoni kama skafu ya bwana harusi. Nelly akanishika mkono. Tukaisukuma amplifaya kwa kigari mpaka ukumbi wa kusubiria, pale kwenye mlango wa kioo, ndege yetu inaonekana nje imekaa kwenye jua.

"Ukitaka kujua," Nelly akasema, "nilikuwa nimeshaamua kukuacha pale kaunta."

"Na sasa?"

"Sasa nangojea saa kumi."

Hapo nilikuwa mfalme. Mniandikie hivyo: saa tano na dakika tano asubuhi, Kiponda wa Tezo alikuwa mfalme.

Saa tano na dakika kumi, Gerishom akaja. Alikuwa hatembei vizuri. Alitembea kama mtu aliyebeba habari kwenye sahani, anaogopa isimwagike.

"Bwana Kiponda. Uliniambia Kavata ni mashine."

"Ndiyo."

"Kavata amefika."

Nyuma yake akatokea gauni la maua, miwani ya jua, begi la magurudumu, na chini ya miwani tabasamu la yule aliyewasahaulisha wageni chakula.

"Fyuzi umeipata?" akaniuliza.



Sasa nikaelewa. Kila jioni kwenye lango la ile hoteli ya Kikambala, askari alitaka tujiandikishe daftarini: jina, kitambulisho, simu. Kavata alikuwa anapita moja kwa moja kwenda kuvaa, na mimi nikimwandikia. Yangu na yake, kila siku, miaka miwili. Jana fomu iliponibana, kichwa hakikufikiri. Mkono uliandika wenyewe. Na ujumbe wa tiketi, kwa heshima zote, ukaenda kwa mwenye namba.

"Nimeamka asubuhi," Kavata akawaambia wote, "nakuta nimekatiwa ndege. Malindi kwenda Nairobi, dirishani. Jina langu, kitambulisho changu. Kiti cha ubavuni, Kiponda. Nikasema, heh! Mwanamume amekaa miaka mitatu akitafuta njia ya kuomba msamaha, leo ameipata. Nikamwambia dadangu, mimi naenda kusikia neno lake."

Nelly aliuachilia mkono wangu. Polepole, kidole kimoja kimoja.

"Jina tu," akasema. "Ulikuta limeandikwa."

"Nelly, sikia—"

"Sikiza wewe," Gerishom akaingilia, jasho linamtoka. "Nilikuwa sijabadilisha jina. Abiria mwenye kitambulisho ndiye mwenye kiti, mimi sina ujanja. Mashine haina kiti tena. Ndege imejaa. Na mlango unafungwa baada ya dakika kumi na tano."

Nikamgeukia Kavata. Nilipiga goti, ndiyo, mbele ya Mtaliano.

"Kavata, dadangu, mamangu. Nipe kiti hicho. Harusi ni saa kumi. Babake huyu ameniambia chombo kisipolia, nisikanyage kwake. Nakuomba."

"Uniite kwa tiketi, unirudishe kwa mdomo?"

"Nitakulipia ndege nyingine!"

"Kwanza nilipie fyuzi."

Mtu mmoja akacheka. Nilidhani ni Sumeiya. Alikuwa Nelly. Lakini si kile kicheko cha mabega matatu. Kilikuwa cha mtu anayepiga hesabu.

Akamwendea Kavata, wakasimama uso kwa uso. Mimi nikafumba macho.

"Dada," Nelly akasema kwa adabu, "hii amplifaya unaijua?"

"Kuijua? Nimeiimbia miaka miwili. Unaiwasha, unaipiga makofi mawili ubavuni kushoto, unangoja ikohoe. Ikinuka moshi usiogope, ndiyo harufu yake. Na lile chanuo langu la waridi bado linatenganisha nyaya?"

"Bado lipo."

"Mimi ndiye niliyemfundisha hiyo. Akikwambia amegundua mwenyewe, ujue."

Aliniambia amegundua mwenyewe, macho ya Nelly yakasema. Halafu akauliza, "Na spika zikiwa za huko huko Nairobi, unaweza kuziunganisha?"

"Nikiwa nimefumba macho."

"Na mwanzele unaimba?"

"Mimi Mkamba, dada. Lakini nimekulia Mtwapa. Nianzishie, nitakufuata."

Nelly akamgeukia Gerishom. "Kiti cha Kiponda kinaweza kubeba mzigo?"

Gerishom akaniangalia mimi. Akamwangalia yeye. "Mwenyewe akikiachia kwa hiari, kinaweza. Tunaufunga mkanda."

Wote wakanitazama. Hata amplifaya, naapa, ilinitazama.

Haya nihesabieni nyinyi. Nikipanda mimi, amplifaya inabaki, na Mzee Ngumbao amesema wazi: si ahadi, si salamu. Nisipopanda, amplifaya inafika, inalia, mzee anamkumbuka mamake, na waliosimama nyuma ya chombo ni Nelly na Kavata. Saa nzima angani, amplifaya imefungwa nyuma karibu na choo, Nelly yuko ubavuni mwa Kavata, na katikati yao hakuna Kiponda wa kukatiza mazungumzo.

"Nelly," nikasema. "Babako alitaka kuniona mimi kazini."

"Babangu alitaka kusikia chombo chako. Wewe hatukukuzungumzia."

"Nikikupa kiti, utaniombea kwake?"

"Nitamwambia ukweli wote. Mwingine nadhani nitaupata njiani."

"Kuna mwingi," Kavata akasema, akipanga miwani yake.

Nikaitoa kadi ya kupandia. Niliishika kidogo, Nelly akaivuta kidogo, ikatoka.

Gerishom akaufungua mlango wa kioo, wakapita: Kavata na begi lake, Gerishom na kigari, Nelly mwisho. Mlango ukajifunga, mimi nikabaki ndani. Jua huko nje lilikuwa kali, nikawaona wanazungumza tayari. Hawajafika hata nusu ya njia, Kavata anaonyesha kwa mikono, Nelly anatikisa kichwa. Sijui alikuwa akisimulia nini. Najua mambo matano ambayo nisingependa yawe hilo.

Gerishom na mwenzake wakaiinua amplifaya taratibu, wakapanda nayo ngazi, kama wanampandisha bibi harusi. Nikasema moyoni, basi. Angalau chombo kitalia. Saa kumi mzee atasikia. Kitalia.

Nikajipangusa jasho shingoni.

Mkono ukashika waya.

Pini tatu za shaba. Kenya nzima ni huo mmoja.

"NELLY!"

Kioo kile ni kinene, ndege ilikuwa imeanza kunguruma. Nikakipiga kwa ngumi. Sumeiya akanifokea kutoka nyuma. Nikauvua waya shingoni, nikauinua juu ya kichwa, nikaupunga kwa mikono miwili kama kichaa, narukaruka.

Kavata alikuwa ameshaingia. Nelly alikuwa ngazi ya chini kabisa, mkono kwenye chuma. Akageuka. Akaniona.

Aliniona ninavyoruka, ninavyopunga. Uso wake ukalegea. Naye akainua mkono, kidogo tu, mpaka begani, akanipungia kwaheri.

Halafu akanipa mgongo, akapanda.